Mtaji wa msimu usiishie kwenye mkeka

MSIMU wa mavuno ndio wakati ambao mkulima hushika fedha nyingi kwa mpigo. Mahindi yakishauzwa, au malipo ya mnada wa korosho yakishaingia, ndipo madeni hulipwa, ada za watoto hutafutwa na akiba ya mbegu na mbolea hutengwa. Bahati mbaya, ni wakati huohuo ambapo sehemu ya fedha hizo huanza kutoka kidogo kidogo kwenda kwenye ubashiri wa mpira na mashine za sarafu zilizozagaa katika maduka na vijiwe.

Michezo ya kubahatisha ni biashara halali nchini. Sheria ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Serikali hukusanya kodi na vijana kadhaa wamepata ajira. Hatuandiki leo kutaka biashara hiyo ifungwe. Tunaandika kwa sababu tunaona mkulima na mfanyabiashara mdogo wanaingia humo bila kuipigia hesabu kama wanavyoipigia biashara nyingine yoyote.

Zamani aliyetaka kucheza kamari alilazimika kusafiri hadi kasino mjini. Huduma za fedha kwa simu, zilizoanza nchini mwaka 2008, zilikuja kurahisisha mambo mengi mema, lakini pia zilifungua njia ya kucheza ukiwa shambani au gengeni. Mtaji na kamari sasa vinakaa katika simu moja.

Tupige hesabu. Tuchukue mchezaji anayeweka mkeka wa mechi 10, kila mechi ikiwa na nafasi sawa ya kupata au kukosa. Nafasi ya kupatia zote ni moja tu katika mara 1,024. Kama mchezo ungekuwa wa haki kabisa, Sh1,000 yake ingestahili kumlipa Sh1,024,000. Lakini kampuni ikilipa mara 1.9 badala ya mara 2 kwa kila mechi, zawadi hiyo inashuka hadi karibu Sh613,000. Maana yake ni kwamba katika kila Sh1,000 anayoweka, wastani wa zaidi kidogo ya Sh400 hubaki kwa kampuni, na hapo kodi haijaguswa. Kadiri mkeka unavyokuwa mrefu, ndivyo fungu la kampuni linavyonenepa. Hakuna mfanyabiashara wa mchele ambaye angekubali biashara ya namna hiyo.

Kwa nini basi watu wanaojua hesabu za magunia wanaendelea kucheza? Wengi wetu hujibu haraka kwamba ni uvivu na tamaa. Utafiti unaonesha kuwa jibu hilo halitoshi. Mtafiti Sylvan Herskowitz aliwafuatilia wabashiri wa mpira 1,708 mjini Kampala, Uganda, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Alikuta kwamba wengi hulenga ushindi unaolingana na kitu wanachokihitaji, kitu kikubwa kisichonunulika nusu nusu. Waliposhinda, ndicho walichonunua. Lakini jambo kubwa zaidi ni hili: waliopewa kisanduku cha kuwekea akiba walipungukiwa na hamu ya kucheza.

Kwa lugha ya kwetu, kisanduku hicho ni kibubu. Utafiti huo unatufundisha kwamba mtu mwenye shida ya Sh500,000 za pampu ya kumwagilia, ambaye benki haimkopeshi na nyumbani fedha hazikai, huuona mkeka kuwa njia pekee ya kupata fedha nyingi kwa mara moja. Tukimpa njia nyingine, wengi wataifuata.

Njia hiyo ipo. Anayecheza Sh2,000 kila siku hutumia Sh730,000 kwa mwaka. Fedha hizo zikiwekwa kwenye VICOBA au SACCOS, mwisho wa mwaka pampu inapatikana bila kumtegemea mlinda mlango wa timu ya Ulaya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua hata vikundi vidogo vya kijamii, hivyo hakuna kisingizio cha kuvikimbia.

Hata hivyo, wapo ambao kibubu pekee hakitawasaidia. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyoanza kutumika mwaka 2022, inautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa. Jopo la wataalamu lililochapisha ripoti yake katika jarida la The Lancet Public Health mwaka 2024 lilikadiria kuwa watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana uraibu huo au wanacheza kwa namna yenye madhara. Anayeuza jembe au kukopa mbegu za jirani ili arudishe alichopoteza anahitaji msaada na tiba, siyo kuchekwa kijiweni.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, vyama vya ushirika na vikundi vya akiba vifanye mikutano wakati wa mauzo, kabla fedha hazijatawanyika, na kila mwanachama atenge fedha za pembejeo mapema. Pili, Serikali itenge sehemu ya kodi ya michezo hii kwa tiba ya waathirika na kwa utafiti wa vijijini, ambako vyuo vyetu vya kilimo vina uzoefu mkubwa. Tatu, wenye maduka wanaokubali kuwekewa mashine wakumbuke kwamba sarafu inayomezwa na mashine ni sarafu ambayo haikununua sukari wala sabuni dukani kwao, na kwamba mtoto hapaswi kuisogelea.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Walisema pia haba na haba hujaza kibaba. Fedha ni ileile ndogo ya kila siku. Mkulima ndiye wa kuamua, tangu siku ya mauzo, iende kumaliza gogo au iende kujaza kibaba.