Kulisikiliza Jua kwa Redio

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitaandika habari za salfa wala palizi ya mikorosho. Nitaandika habari za jua.

Jua tunalijua wote. Linakausha korosho zetu, mihogo yetu na dagaa wetu. Lakini jua lina jambo jingine ambalo macho hayalioni. Jua hutoa mawimbi ya redio. Na wako watu ambao kazi yao ni kuyasikiliza kila siku. Kazi hiyo inamhusu mvuvi wa Msimbati na mkulima wa Ziwani. Soma polepole, utaona kwa nini.

Lilivyogunduliwa

Mwaka 1942 dunia ilikuwa katika vita kuu. Waingereza walikuwa na rada, yaani mitambo ya redio ya kutambua ndege za adui zikiwa bado mbali. Tarehe 27 na 28 Februari mwaka huo, rada zao nyingi zilivurugika. Zilijaa kelele tupu. Wanajeshi walidhani Wajerumani wamewaharibia mitambo.

Mtaalamu mmoja, James Stanley Hey, alipewa kazi ya kuchunguza. Aliona kwamba kelele zilitoka upande mmoja. Upande huo ulihama pamoja na jua tangu asubuhi hadi jioni. Akauliza wataalamu wa nyota. Wakamwambia kwamba siku zile jua lilikuwa na doa kubwa jeusi. Basi akatambua kwamba aliyevuruga rada hakuwa adui. Lilikuwa jua lenyewe. Kwa sababu ya vita jambo hili liliwekwa siri, na Hey alilitangaza mwaka 1946.

Radi, ngurumo na mvua

Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Mama aliyeanika mihogo akiona radi kwa mbali, hangoji. Anaanua mapema. Radi huonekana kwanza, ngurumo husikika baadaye, na mvua hufika mwisho.

Jua nalo lina mambo matatu ya namna hiyo. Jua linapolipuka, kwanza hutoka mwanga na mawimbi ya redio. Haya hufika duniani kwa dakika 8 hivi, ingawa jua liko mbali kilomita milioni 150. Pili, mara nyingine hutoka chembe ndogo zenye mbio kubwa. Za kwanza huweza kufika kabla ya saa moja kwisha. Tatu, mara nyingine hutoka wingu kubwa la hewa ya moto lenye nguvu ya sumaku. Wingu hilo huchukua siku moja hadi tatu au zaidi kufika. Likifika, tunasema kuna dhoruba ya jua.

Sasa umeelewa faida ya kusikiliza. Mawimbi ya redio ni kama radi. Anayeyasikia anaweza kuonya watu kabla wingu halijafika.

Chombo cha kusikiliza

Chombo kimoja kinachotumika kinaitwa Callisto. Kilibuniwa Uswisi na mtaalamu Christian Monstein. Ndani yake mna kifaa cha kunasia mawimbi, kama kile kilichomo katika televisheni. Nje kuna antena iliyoelekezwa kwenye jua. Redio ya nyumbani husikiliza stesheni moja. Callisto hupita stesheni nyingi mbio mbio, toka sauti nene hadi sauti nyembamba, kisha huanza tena.

Jua likilipuka, sauti yake huanza nyembamba, halafu hushuka kuwa nene. Hii ni kwa sababu hewa iliyo karibu na jua ni nzito, na hewa iliyo mbali ni nyepesi. Kadiri kilichorushwa kinavyopanda juu, ndivyo sauti inavyoshuka. Ikishuka kwa sekunde chache, ni chembe zenye mbio kubwa. Ikishuka polepole kwa dakika kadhaa, ni wimbi la kishindo, na mara nyingi nyuma yake kuna wingu. Kwa kupima kushuka huko, wataalamu hukadiria mwendo wake.

Chombo hiki kina faida nyingine. Darubini iliyoko duniani haioni kitu mawingu yakitanda. Mawimbi haya ya redio hupenya mawingu. Hata masika, mvua ikinyesha, jua husikika.

Lakini usiku jua halisikiki. Kwa hiyo chombo kimoja hakitoshi. Vyombo zaidi ya 100 vimewekwa katika nchi mbalimbali. Jua likizama kwa wenzetu, linachomoza kwingine, na zamu inaendelea. Afrika nayo imo katika zamu hiyo. Callisto imewekwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda, na nyingine iko katika kisiwa cha Morisi. Huko Hermanus, Afrika Kusini, kuna kituo cha kutabiri hali ya anga ya mbali. Tangu mwaka 2022 kituo hicho kinafanya kazi usiku na mchana.

Yatuhusu nini sisi?

Juu yetu sana, kuanzia kilomita 80 hivi, kuna tabaka la hewa lenye umeme. Redio za masafa mafupi hulitumia kama paa. Sauti hugonga paa hilo na kurudi chini, ikafika nchi za mbali. Jua likilipuka mchana, sehemu ya chini ya tabaka hilo huimeza sauti. Redio hunyamaza ghafla.

Septemba 2017 jambo hili lilitokea wakati mbaya sana. Kimbunga Irma kilikuwa kinapiga visiwa vya Karibi. Waokoaji, mabaharia na marubani walitegemea redio za masafa mafupi. Siku hizo hizo jua lililipuka mara kadhaa, na mawasiliano yakakatika kwa muda. Watu wenye kimbunga mlangoni wakakosa redio.

Vifaa vya kuonyesha mahali navyo huathirika. Simu au kifaa cha GPS hupokea mawimbi toka setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 hivi. Mawimbi hayo hupita katika tabaka lile. Likivurugika, kifaa huweza kukosea au kupoteza mahali kabisa.

Ijumaa tarehe 10 Mei 2024 ilifika dhoruba kubwa ya jua, kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Huko Marekani ulikuwa msimu wa kupanda mahindi. Matrekta mengi ya huko huongozwa na GPS ili mistari inyooke. Mitambo ikapotoka. Baadhi ya wakulima walisimamisha kupanda.

Tusilisingizie jua

Mwezi huo huo wa Mei 2024 sisi wa pwani tulipata mambo mengi. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tarehe 10 ikaja dhoruba ya jua. Tarehe 12 intaneti ikakatika nchini na kwa majirani zetu. Ni rahisi mtu kusema yote hayo ni ya jua. Siyo kweli. Kimbunga huzaliwa juu ya maji ya bahari yenye joto, na anayekitabiri ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Intaneti ilikatika kwa sababu nyaya zilizolazwa chini ya bahari, upande wa Afrika Kusini, zilikatika.

Tena dhoruba ya jua haichomi mimea, wala haimdhuru mtu aliye shambani. Hewa na sumaku ya dunia hutukinga.

Tufanye nini?

Ndugu mvuvi, usiende bahari kuu kwa kutegemea simu peke yake. Chukua dira. Wafundishe vijana nyota, upepo wa kusi na kaskazi, na alama za nchi kavu, kama wazee walivyokufundisha. Kifaa kikianza kurukaruka, mara kinaonyesha uko Msimbati, mara uko ng'ambo ya Ruvuma, usikifuate. Tumia dira, kisha angalia tena baadaye.

Ndugu mkulima, mipaka ya shamba ikipimwa kwa kifaa, usitosheke na kipimo cha siku moja. Kipimo kirudiwe siku nyingine. Majirani wawepo. Pandeni miti ya mpaka au wekeni mawe. Kifaa kikikosea, mti utasema kweli, na ndugu hawatagombana.

Ndugu mwenye redio ya masafa mafupi, ikinyamaza ghafla mchana, usikimbilie kwa fundi. Ngoja saa moja au mbili. Sikiliza redio ya FM iliyo karibu, kwa sababu sauti yake hutoka moja kwa moja kwenye mnara, haitegemei lile paa la juu. Weka betri za akiba, hasa miezi ya vimbunga.

Na watoto wote waonywe: jua husikilizwa kwa chombo. Halitazamwi kwa macho matupu. Macho yakiungua huenda yasipone.

Jua huwa kali na kupoa kwa zamu ya miaka 11 hivi. Oktoba 2024 wataalamu walitangaza kwamba limefika katika kipindi cha ukali. Ukali huo haupoi kwa siku moja. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujadili darasani

1. Hey alijuaje kwamba kelele zilitoka kwenye jua?
2. Kwa nini chombo kimoja cha kusikiliza jua hakitoshi?
3. Je, dhoruba ya jua ndiyo iliyokata intaneti Mei 2024? Eleza.
4. Katika kijiji chenu, ni vijana wangapi wanaoweza kurudi pwani usiku bila simu? Nani atawafundisha wengine?

Swali la nne msilijibu kwa maandishi tu. Lipelekeni kwa wazee.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu, Ziwani