Kompyuta ya kituo isafishwe, lakini si saa za foleni



Umefika kituo cha afya asubuhi, mtoto mgongoni, kadi ya chanjo mkononi, na karani anakuambia: "Mashine nzito leo, subiri." Uwe mkazi wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, au wa kambini, ni haki yako kuuliza mashine hiyo inafanya nini.

Mara nyingine ni umeme au intaneti. Mara nyingine inajisafisha. Burundi hukusanya takwimu za afya kwa programu ya DHIS2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Chini yake kuna ghala la kumbukumbu liitwalo PostgreSQL. Karani akirekebisha jina au uzito wa mtoto, ghala hilo halifuti mstari wa zamani palepale. Huandika mpya na kuuacha wa zamani kama takataka. Baadaye mfagiaji wa ndani, nae ni programu, hupita kuzoa. Akipita wakati makarani wote wanaandika, wanagombania diski moja, na foleni inarefuka.

Wapo wanaosema mfagiaji azimwe. Napinga. Takataka zikijaa, kutafuta jina moja tu kunachelewa. Tena ghala hili huhesabu shughuli zake, na hesabu hiyo ina kikomo, kama bilioni 2. Usafi ukikosekana hadi hapo, linakataa maandishi mapya kabisa. Ndiyo maana hata ukimzima, hurudi kwa nguvu hatari ikikaribia, na hachagui saa.

Afadhali afagie kidogo kidogo, mara nyingi. Kwa kawaida hungoja takataka zifike asilimia 20 ya jedwali, kuongeza mistari 50. Jedwali la mistari 1,000 si neno: anaanza zikipita 250. La mistari 1,000,000 hungoja hadi 200,050, halafu mzigo wote unaangukia pengine Jumatatu saa nne asubuhi, kliniki imejaa. Kwa majedwali makubwa fundi ashushe hadi asilimia 2. Mfagiaji pia hupumzika kati ya kazi: toleo la 12 la mwaka 2019 lilipunguza pumziko hilo kutoka milisekunde 20 hadi 2. Walifanya vizuri, maana anayepumzika mno hamalizi.

Kazi nzito, kama kujenga upya majedwali ya ripoti za DHIS2, au ule usafi mkubwa unaofunga jedwali zima, ifanywe usiku. Lakini akina mama hujifungua usiku pia. Kwa hiyo daftari na kalamu vibaki mezani, na wahudumu waambiwe mapema.

Kamati ya afya ikikutana, kulalamika kwamba mashine ni nzito hakutoshi. Ulizeni usafi hufanywa saa ngapi, nani aliyepanga saa hizo, na je, amewahi kusimama kwenye foleni ya asubuhi akaiona?