Nani Aliyeisogeza Saa?

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa Mzinga, Morogoro. Binti yake mkubwa aliitwa kwenye usaili na chuo kimoja cha Uingereza. Usaili ulikuwa wa kuzungumza kwa kompyuta, siku ya Jumanne katika juma la mwisho la Machi, saa nne asubuhi kwa saa za huko. Nyumbani walipiga hesabu: Tanzania iko mbele kwa saa tatu, basi ni saa saba mchana. Saa sita na nusu binti alikwisha kuvaa vizuri na kukaa mezani. Alipofungua kompyuta aliambiwa kwamba zamu yake ilipita saa nzima nyuma.

Mdogo wake wa darasa la tano akauliza, "Mama, nani aliyeisogeza saa?" Mama hakuwa na jibu. Naye anatuuliza jambo la pili: atawaonyeshaje wanawe kazi mbalimbali za duniani, ikiwa yeye mwenyewe anazijua chache tu? Tunaona maswali haya mawili ni ndugu, nasi tutayajibu pamoja.

Tuanze na lile la mtoto. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumejaliwa siku zinazolingana. Hapa Morogoro, tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haifiki hata saa moja. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa kwa kufuata jua. Likishachomoza ni saa moja, likiwa utosini ni saa sita, nalo huzama kwenye saa kumi na mbili. Ulaya sivyo. London mwezi Juni mchana unazidi saa 16, na mwezi Desemba haufiki saa 8. Wakati wa kiangazi chao jua huchomoza watu wangali wamelala. Basi wakaona heri wasogeze saa mbele, ili mwanga usipotee bure asubuhi, wapate kuutumia jioni.

Mmoja wa watu wa kwanza kulitoa wazo hilo alikuwa George Hudson wa New Zealand, mwaka 1895. Yeye alifanya kazi posta, lakini moyo wake ulikuwa kwa wadudu. Alitamani mwanga wa jioni baada ya kazi ili aende kuwakusanya. Hata hivyo, nchi kubwa zilianza kusogeza saa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ujerumani ilianza mwaka 1916 ili kupunguza matumizi ya makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata baada ya majuma machache.

Leo Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo sisi tuko mbele yao kwa saa tatu wakati wa baridi yao, na saa mbili tu wakati wa kiangazi. Hapo ndipo binti yetu aliponaswa. Marekani nayo, tangu 2007, hubadili Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, wala si majimbo yote yanayobadili. Sehemu kubwa ya Arizona haisogezi kabisa. Misri iliurudisha utaratibu huo mwaka 2023. Afrika Mashariki hatuna.

Vijana wetu wa mpira wanaijua habari hii bila kufundishwa. Mechi ya Uingereza inayochezwa saa tisa alasiri ya kwao, mwezi Septemba tunaisikia saa kumi na moja jioni. Ikifika Novemba, mechi ya wakati uleule inaanza saa kumi na mbili. Mwulize mwanao kwa nini, umwone atakavyofikiri.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba hapa kwetu saa hazina mafumbo. Mtwara na Kigoma zinatumia saa moja, lakini jua hutangulia Mtwara kwa zaidi ya dakika 40. Ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kalemie, unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Kinshasa nayo iko nyuma ya Kalemie kwa saa nyingine, ingawa nchi ni ileile ya Kongo. Anayevuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia hurudisha saa moja pia. Dereva wa lori na mfanyakazi wa TAZARA sharti walijue hilo.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye swali la mama. Akina mama wenzetu, mara nyingi tukimwuliza mtoto, "Utakuwa nani ukiwa mkubwa?" tunataka ataje udaktari, ualimu au urubani, nasi tunapiga makofi. Mtoto hujifunza majina ya kazi bila kuzijua kazi zenyewe. Jaribuni swali jingine: "Ni nani anafanya kazi saa hii?" Saa itakuwa mlango wa kumwonyesha dunia.

Alfajiri, mwoneshe akina mama wanaoleta mboga kutoka Mgeta. Hao hupanga safari yao kwa soko, na soko haliwangojei. Mwambie kwamba kupanda kabichi, kuzisafirisha na kujua bei ni elimu tatu tofauti.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya joto, wapo Watanzania wanaofundisha panya buku. Kazi hiyo inafanyika papa hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya shirika la APOPO. Panya hao hawastahimili jua kali, hivyo saa za kazi hufuata panya, si bosi. Wanafundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu huko Kambodia. Mtoto anayependa wanyama ajue kwamba zipo kazi zaidi ya udaktari wa mifugo.

Saa tatu asubuhi, mpima hali ya hewa anasoma vipimo vyake. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Greenwich, na wenzake duniani kote wanasoma vipimo kwa wakati uleule, awe Nairobi au Muscat. Wapimaji hawa, pamoja na marubani na waongoza ndege, hawasogezi saa kamwe katika kazi zao. Wanatumia saa moja ya dunia nzima, ili pasiwe na kukosana angani.

Na usiku, mwambie habari za muuguzi wa zamu, za mwokaji mikate, na za mfanyakazi wa reli anayeangalia ratiba ya treni ya umeme, ambayo tangu 2024 inatuunganisha na Dar es Salaam na Dodoma.

Sasa tunatoa mashauri machache. Kwanza, mfundishe mtoto saa zote mbili, ya Kiswahili na ile ya tarakimu 24. Akiona 08:00 kwenye barua ya usaili au tiketi, ajue ni saa mbili asubuhi, wala si saa nane. Wengi wamekosa safari kwa kosa hilo dogo.

Pili, kila mwezi mtafutieni mtu mmoja wa kumtembelea kazini, kwa ruhusa. Mtoto aulize maswali matatu: Unaanza saa ngapi? Ulisomea nini? Kipi ni kigumu? Majibu ayaandike kwenye daftari. Baba naye ashiriki. Hili si jambo la mama peke yake.

Tatu, msichana na mvulana wapelekwe mahali pamoja. Tusimwonyeshe kijana karakana, dada yake tukamwachia jiko.

Nne, miadi yoyote ya nchi za nje iandikwe kwa saa zao na saa za Tanzania, tena mwulizeni anayewaita ayathibitishe yote mawili. Mwezi wa Machi na wa Oktoba ulizeni mara mbili. Si aibu.

Kwa binti yetu wa Mzinga tunasema: mwandikie mkuu wa usaili leo, ueleze kwa ufupi jinsi saa zilivyogongana, uombe nafasi nyingine kwa adabu. Huenda ukapewa, huenda usipewe. Lakini barua hiyo utakuwa umeiandika wewe mwenyewe, na kujieleza namna hiyo ni sehemu ya kazi yoyote utakayoifanya.