Ujirani ni Ahadi: Jumuiya Mbili na Mpaka wa Horohoro



Atokaye Tanga mjini kwa barabara ya kaskazini, akaipita Wilaya ya Mkinga, baada ya kilometa zipatazo 65 hufika Horohoro. Ng'ambo yake ni Lunga Lunga, na huko ni Kenya. Mpaka huu haukuwekwa na wenyeji wake. Waingereza na Wajerumani ndio waliokubaliana mwaka 1886 kwamba mstari uanzie mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga, uende hadi Ziwa Viktoria. Hivyo Wadigo wa Mkinga na Wadigo wa Kwale, waliokuwa watu wamoja, wakajikuta chini ya dola mbili. Na Wasegeju vivyo hivyo. Hata leo lugha ni ile ile, watu wanaoana, na jeneza la upande mmoja husindikizwa na watu wa pande zote mbili.

Tumeanza na mpaka huu kwa kuwa tunakusudia kuzungumza juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo ambalo wengi wetu tumewaachia wanasiasa. Rai yetu ni kwamba Jumuiya ikibaki kuwa mali ya viongozi peke yao, siku viongozi watakapogombana itavunjika, na watakaoumia mwanzo ni sisi wa mpakani. Hili si jambo la kukisia. Lilikwisha kutokea.

Mwaka mmoja, jumuiya mbili

Mwaka 1967 ulizaliwa umoja wa majirani katika pembe mbili za dunia. Tarehe 6 Juni, mjini Kampala, Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Dk. Obote walitia saini Mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Agosti, wawakilishi wa Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand walikutana Bangkok wakaanzisha umoja wa nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, unaojulikana kwa jina la ASEAN.

Lau angeulizwa mtu mwenye busara mwaka ule ni umoja upi utakaodumu, bila ya shaka angeutaja wetu. Sisi tulikuwa na shirika moja la reli, moja la bandari, moja la posta na simu, na moja la ndege. Reli ya Tanga ilikuwa imeungwa na ile ya Mombasa kwa njia ya Kahe na Voi. Wenzetu hawakuwa na mashirika kama hayo yanayowaunganisha wote. Indonesia na Malaysia zilikuwa zimetoka katika mapambano yaliyomalizika mwaka 1966. Singapore ilikuwa imetengana na Malaysia mwaka 1965. Ufilipino nayo ilikuwa ikiidai Sabah, ambayo ni sehemu ya Malaysia. Walikaa pamoja hali ya kuwa wanashukiana.

Baada ya miaka kumi, umoja wetu ndio uliokufa. Sababu zake zinajulikana. Manufaa hayakugawanyika sawa, kwani viwanda vingi vilikuwa Kenya, na hatua zilizowekwa kurekebisha hali hiyo hazikutosha. Siasa za uchumi zilitofautiana, Tanzania ikifuata Azimio la Arusha na Kenya ikifuata njia nyingine. Kisha Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwezi Januari 1971, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja. Uamuzi wote mkubwa ulikuwa mikononi mwa marais watatu. Watatu hao wasipokutana, Jumuiya ilikuwa kama mwili usio na kichwa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege lilianguka, mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ikavunjika mwaka huo huo.

Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ulikamilika kwa mkataba wa Mei 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht, mtu wa Uswisi. Tuliokuwa ndugu tukahitaji mgeni kutoka Ulaya atugawie vyombo vya nyumba yetu. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi, kufungwa kwa mpaka kulikuwa habari ya gazetini. Kwa mtu wa Jasini au Vanga ilikuwa ni shangazi aliye umbali wa mwendo wa miguu, ambaye kumzuru sasa ni kuvunja sheria.

Siri ya wenzetu

Ni nini basi kilichowaweka pamoja watu waliokuwa na kila sababu ya kutengana? Wao wenyewe huutaja mwenendo wao kwa maneno mawili ya Kimalay na Kiindonesia: musyawarah na mufakat. Msomaji wetu hahitaji kufasiriwa. Ni mushawara na muafaka, maneno yaliyotoka katika Kiarabu yakavuka bahari hadi kwao kama yalivyovuka hadi kwetu.

Maana yake kwa vitendo ni kwamba hawapigi kura ili wengi wamshinde mmoja. Hukaa wakashauriana mpaka wote waridhike. Jambo likigoma huwekwa kando, si mlango unaofungwa, na mkutano unaofuata hulirudia. Wanaokutana si wakuu wa nchi peke yao. Mawaziri na watendaji wao wana vikao vingi kila mwaka, hata wakuu wakinuniana kazi huendelea. Mwaka 1976, huko Bali, waliandikiana mkataba wa kutotumia nguvu na wa kutatua migogoro kwa amani. Makubaliano ya kupunguziana ushuru ili wawe eneo la biashara huria hawakuyafikia ila mwaka 1992, miaka 25 baada ya kuanza. Kufikia mwaka 1999 walikuwa nchi kumi, ikiwemo Vietnam ambayo zamani waliiogopa, na Timor Mashariki ikawa ya kumi na moja mwaka 2025.

Hatusemi kwamba wenzetu ni malaika. Tangu Agosti 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbia Myanmar kwenda Bangladesh, na Myanmar ni mwanachama wa umoja huo. Baadhi ya serikali jirani zilipaza sauti, lakini umoja wenyewe ulifungwa ulimi na kanuni yake ya kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzio. Julai 2025 Thailand na Kambodia zilipigana mpakani, Malaysia ikawapatanisha, na Desemba mapigano yakazuka tena. Muafaka unaonyamazia dhulma umekwisha kupoteza roho yake. Tunachokitaka kwao ni ile subira ya kushauriana, si ule ukimya.

Jumuiya ya pili

Tarehe 30 Novemba 1999 marais Mkapa, Moi na Museveni walitia saini Arusha Mkataba wa kuirejesha Jumuiya yetu. Jambo la kupendeza ni kwamba Mkataba huo umeandika katika utangulizi wake sababu zilizoiua ile ya kwanza: upungufu wa dhamira ya kisiasa, wananchi na wafanyabiashara kutoshirikishwa ipasavyo, na mgawanyo wa manufaa usio wa haki. Ukaahidi kwamba safari hii mhusika mkuu atakuwa mwananchi. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, Soko la Pamoja likaanza Julai 2010, na kwa kuingia Somalia mwaka 2024 wanachama wamefika wanane.

Hata hivyo tabia ya zamani haijatutoka. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya viliteketezwa kwa moto huko Namanga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia aina 15 za biashara ndogo, na Kenya ikalalamika kwamba hayo yanakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Hatukatai kwamba kila serikali ina wajibu wa kulinda afya ya watu wake na riziki za wanyonge wake. Tunalolikataa ni kwamba jirani ajue amefungiwa mlango pale anapougonga. Mwenye mzigo wa mahindi njiani hana kosa lolote. Hasara ni yake, na deni ni lake.

Tuliangalie pia suala la mgawanyo wa manufaa, maana ndilo lililoleta fitna ya kwanza. Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka Chongoleani, hapa Tanga, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443. Bomba hilo ni tunda la ujirani. Lakini tunda hugawanywa kwa uadilifu, baina ya nchi na nchi, na ndani ya nchi yenyewe hadi kwa mvuvi na mkulima ambaye limepita kwake. Kuuliza hesabu hiyo kwa adabu si uadui kwa serikali. Ni kuusaidia Mkataba utimie.

Haki zetu na madhambi yetu

Dini yetu imempa jirani haki kubwa, na imeifanya ahadi kuwa deni. Mkataba wa Jumuiya ni ahadi iliyowekwa kwa niaba yetu. Je, tunaijua?

Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa pale mpakani cheti rahisi cha kuthibitisha asili ya bidhaa, bila ya malipo, na hatozwi ushuru wa forodha. Kodi nyingine na vibali vya afya vinabaki, lakini ushuru umeondolewa. Mama anayevusha machungwa ya Muheza akiwa halijui hili, humlipa kishoka kwa kitu ambacho ni haki yake, au huambiwa apite njia ya panya, akawa mhalifu kwa ujinga tu. Vile vile mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishitaki serikali mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, ikiwa imekiuka Mkataba; ila afanye hivyo ndani ya miezi miwili. Na katika Bunge la Afrika Mashariki kila nchi ina wabunge tisa. Ni wangapi katika safu zetu za Ijumaa wanaoweza kumtaja hata mmoja?

Tukidai haki, tukubali na lawama. Pwani yetu imejaa bandari bubu. Sukari na mafuta ya kula hupitishwa usiku, na wapo wanaofanya biashara ya kuwapitisha wanadamu wenzao, vijana wa Kihabeshi wenye njaa, kwa fedha. Mwenye kufanya hayo humpa mwenye mamlaka hoja ya kuufunga mpaka kwa wote. Magendo si ujanja wa mtu wa pwani, ni hiana kwa jirani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kamati za misikiti ya Mkinga, Tanga mjini na Muheza ziwaalike maofisa wa forodha na wa biashara, baada ya sala au katika darsa za wiki, wawaeleze waumini taratibu za kuvuka na kuuza; na kina mama wasisahauliwe, kwani wao ndio wengi katika biashara hii. La pili, kamati hizo ziwasiliane na wenzao wa Lunga Lunga na Vanga, ili inapotolewa amri mpya upande mmoja, upande wa pili upate habari kabla ya mizigo kuoza. La tatu, kila mwenye mashua na kila mwenye gari ajihesabu nafsi yake.

Wenzetu wa Asia hawana lugha moja inayowaunganisha wote. Vikao vyao huendeshwa kwa Kiingereza. Sisi Mkataba wetu wenyewe umekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya, nacho ni lugha tuliyonyonya maziwani. Tuna damu moja, lugha moja na bahari moja. Kilichotupungukia mwaka 1977 kilikuwa mushawara. Tusingoje marais waje kutufundisha, hali ya kuwa neno lenyewe limo vinywani mwetu siku zote.