Dada Yetu Arudishwe Kwenye Kwaya

 Hata wewe usiyesali, hii inakuhusu.

Hapa Nyarugusu kuna dada mmoja, mwimbaji wa sauti ya pili. Jina lake hatulitaji, na kanisa lake hatulitaji, maana hatukuja kuchafua mtu. Amewekwa pembeni miezi mitatu. Haimbi, havai sare, Jumapili anakaa benchi la nyuma kama mgeni. Kosa lake? Akiwa kwenye foleni ya maji, simu yake ilisikika ikipiga rumba ya zamani. Habari ikafika kwa wazee, wazee wakakaa, wakaamua: huyu anasikiliza muziki wa dunia.

Alipoitwa alieleza kwamba nyimbo hizo zilikuwa kwenye memori ya marehemu baba yake. Baba alizipenda tangu walipokuwa Fizi, na alipozikwa hapa kambini hakuacha kitu kingine cha maana. Wakamwambia azifute. Akakataa. Ndipo wakaongeza kosa la pili: kiburi.

Sisi vijana tumenyamaza vya kutosha. Leo tunasema, kwa heshima yote kwa baba zetu wa kanisa: mmekosea.

Tuanze na neno lenyewe. Muziki wa dunia ni upi? Tukiuliza tunaambiwa ni ule usiomtaja Mungu. Haya. Kitabu cha Esta hakimtaji Mungu hata mara moja, na kiko ndani ya Biblia. Wimbo Ulio Bora ni mapenzi ya mwanamume na mwanamke toka sura ya kwanza mpaka ya mwisho, nao uko ndani ya Biblia. Au shida ni vyombo na mdundo? Someni Mwanzo sura ya 4. Baba wa wapiga kinubi na filimbi ni Yubali, mtu wa ukoo wa Kaini. Kinubi kinatajwa kwanza kwenye nyumba ya muuaji, lakini Daudi hakukikataa. Alimpigia Sauli mpaka Sauli akapata nafuu.

Na tusidanganyane kuhusu sebene. Jumapili gitaa la solo likipanda, mama zetu wanapunga vitambaa, vumbi linajaa kanisa zima, na mchungaji mwenyewe anacheza. Hiyo sebene ilikulia wapi? Kwenye dansi na baa za Kinshasa, siyo kwenye mkutano wa maombi. Kwa hiyo gitaa la baa limeokoka, ila masikio ya dada yetu yamepotea?

Mtume Paulo naye, Matendo sura ya 17, alisimama Athene akatumia maneno ya washairi wa Wayunani kuhubiri habari za Mungu. Washairi wale hawakuwa waamini. Paulo aliyajuaje maneno yao kama hakuwahi kuyasoma wala kuyasikia?

Lakini hatuandiki ili tushinde mabishano ya aya. Tunaandika kwa sababu neno hili "dunia" linatuumiza kwa namna mbili.

Ya kwanza, linatupa nje vitu vyema. Siku hizi hata nyimbo za bibi zetu zinaitwa za dunia. Za kubembeleza mtoto, za kumsindikiza bibi arusi, za kulia msiba kwa Kibembe na Kifuliru, zote zimewekwa kapu moja na za ulevi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Wengi wetu tumezaliwa humu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tunaijua kwa kusimuliwa tu. Mwulize kijana yeyote wa rika letu akuimbie wimbo mmoja tu wa kubembeleza mtoto kwa lugha ya kwao. Wengi watacheka na kubadilisha mazungumzo. Zaburi ya 137 inatuonyesha wakimbizi wenzetu kule Babeli, walioketi kando ya mito wakilia, wakiogopa kuisahau Yerusalemu. Wao walijilaani wenyewe ikiwa watasahau. Sisi tunaamriwa tufute.

Ya pili, linaingiza vitu vibaya. Wimbo ukishaitwa wa Injili, hakuna anayeuchunguza. Tumesikia kwaya zikitungiana mafumbo ya kudharauliana, watu wanaitika amina. Tumesikia wimbo wa kumsifu mtu kwa sababu ametoa mchango wa spika. Tumesikia wimbo unaosema maskini ni maskini kwa kukosa imani, ukiimbwa mbele ya mama ambaye mgawo wake wa chakula umepunguzwa. Huyo alisimama akapiga makofi, angefanya nini? Amosi sura ya 5 inasema Mungu alichoka na kelele za nyimbo za watu wake, akataka haki itiririke kama maji. Nyimbo zilizomchosha hazikuwa za baa. Zilikuwa za ibada.

Sasa na sisi tujiseme, maana kijana mwenzetu anayesoma hapa ameshaanza kushangilia. Usishangilie bado.

Kuna uongo wetu pia. Tunasema: "Mimi nasikiliza biti tu, maneno siyafuati." Bana, acha. Kila mwaka kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba tunakuwa na Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Sisi wa kujitolea ndio tunaopanga viti na kufunga spika. Mwaka mmoja, tukisubiri wageni, ulipigwa wimbo unaomwita msichana kitu cha kununua na kutupa. Watoto wadogo, wengine hata darasa la kwanza hawajaingia, waliuimba wote bila kukosea neno. Kisha muziki ukazimwa, ikasomwa hotuba kuhusu heshima ya mtoto wa kike. Hakuna aliyeona ajabu. Flashi yenye wimbo ule ilitoka kwetu sisi wenyewe. Ninyi wafanyakazi wa mashirika, hotuba mnaipitia neno kwa neno kabla haijasomwa. Nyimbo nazo ni nani anazipitia?

Kwa hiyo hofu ya wazee haijatoka hewani. Wameona wimbo ukimtangulia kijana kwenye pombe, wameona mabinti wakiharibiwa maisha. Tunawaelewa. Tunachokataa ni kipimo chao. Kinamkamata binti mwenye rumba ya baba yake, na kinamwachia anayetukana maskini madhabahuni.

Mkumbukeni Remmy Ongala. Mkongomani mwenzetu, mzaliwa wa Kindu, aliingia Tanzania mwaka 1978 kupiga muziki wa dansi. Kwenye kumbi za pombe aliimba habari za wanyonge na habari za kifo. UKIMWI ulipokuwa unaua watu, aliimba "Mambo kwa Soksi" akiwaambia watumie kinga, na wengi walikasirika. Mwishoni mwa maisha yake aligeukia Injili, akafariki Desemba 2010. Tunafurahi alimwimbia Mungu. Lakini zile za kwanza, zilizomwonya kijana asife, tuziweke kundi gani? Kama kuna aliyeokoa maisha yake kwa kuusikia wimbo ule, sisi tuna ujasiri gani wa kusema Mungu hakuwemo?

Kipimo chetu ni hiki, na kitumike kwa nyimbo zote, za kanisani na za nje. Wimbo huu unasema kweli? Unaweza kuuimba mbele ya mama yako na dada yako bila kuinamisha macho? Ukiisha, unakuacha na hamu ya kumtendea mwenzako mema au mabaya? Ukishindwa, uzime, hata kama umeimbwa na mtumishi. Ukipita, usikilize, hata kama umetoka baa.

Na kwa wazee wa kanisa lile, ambao wanajijua: miezi mitatu haijaisha. Mwiteni yule binti kabla haijaisha. Kaeni naye, mwombeni awapigie huo wimbo mmoja wa baba yake, msikilize mpaka mwisho kwa hicho kipimo. Mkikuta neno la uovu, mwonyesheni. Msipolikuta, mpeni sare yake Jumapili hii. Sauti ya pili imepungua, na ninyi wenyewe mnaisikia.