Kitufe cha Kuidhinisha Hakina Mwenyewe

Wacha nianze na pesa, kwa sababu ndipo niliposhikwa. Mkataba wangu ulisema nitalipwa kwa kila makala yaliyochapishwa. Si yaliyoandikwa. Yaliyochapishwa. Niliusoma nikiwa kwa matatu, nikaona ni neno tu, nikatia sahihi. Kumbe hilo neno ndilo lilikuwa mkataba wenyewe.

Kazi ilikuwa kuandika makala ya hifadhi ya maarifa ya kampuni moja inayouza simu kwa malipo ya kidogo kidogo. Kama hujui hifadhi ya maarifa ni nini, umeshawahi kuisikia tu. Unapiga simu kulalamika, mhudumu anakwambia "nipe dakika moja," kunakuwa kimya, halafu anaanza kukuelekeza vizuri ajabu, hatua ya kwanza, hatua ya pili. Hapo anasoma. Anasoma kilichoandikwa na mtu kama mimi, aliyekaa kwa keja Roysambu akiombea bando isiishe kabla hajahifadhi.

Makala hayo yana maisha ya hatua nne: rasimu, mapitio, kuchapishwa, kustaafishwa. Mwandishi ana mamlaka juu ya rasimu peke yake. Ukishatuma, makala yanafungwa. Huwezi kuongeza hata nukta. Yanakaa kwenye foleni hadi meneja abonyeze "idhinisha" au "rudisha". Na hakuna mahali mfumo ule ulimuuliza meneja: umeyasoma lini? Umeyajaribu? Ukichelewa, nani anaumia?

Sasa sikiliza kilichotokea.

Kampuni ilibadilisha namna ya kulipa. Zamani mteja aliweka nambari yake ya simu pale pa nambari ya akaunti. Sasa ilikuwa lazima aweke nambari ya mkataba. Ukikosea, pesa zinafika kwa kampuni vizuri sana, ila hazijulikani ni za nani. Mfumo unaona hujalipa. Siku ikifika, simu inajifunga.

Dada mmoja wa zamu ya usiku, kwa upande wa kupokea simu, ndiye aliyeniandikia kwamba makala yetu bado yanaelekeza watu njia ya zamani. Niliketi nikaandika upya. Hatua tano, mfano mmoja, onyo moja. Dakika arobaini hivi. Nikatuma Jumatatu jioni, nikalala nikijua nimefanya kazi.

Siku kumi na sita hakuna neno. Meneja alikuwa likizo, na kitufe kilienda naye likizo. Aliporudi, aliyarudisha makala kwangu na maoni haya: badala ya "wewe", tumia "mteja wetu mpendwa". Ndiyo hayo tu. Nikarekebisha kwa dakika mbili, yakarudi mwisho wa foleni, yakangoja siku saba zingine.

Siku ishirini na tatu. Na muda wote huo makala ya zamani, yale mabaya, yalikuwa hewani yakiwa na alama ya kijani: imeidhinishwa.

Dada wa zamu ya usiku alinitumia picha ya meza yake. Pembeni mwa skrini alikuwa amebandika karatasi ya manjano yenye hatua sahihi, kwa mwandiko wake. Yaani ukweli ulikuwa kwa karatasi ya kubandika, na uongo ulikuwa ndani ya mfumo ukiwa na idhini kamili. Waliokaa karibu naye waliisoma ile karatasi. Aliyekaa mbali, tena mgeni, wiki yake ya pili kazini, alisoma kilichokuwa kwenye skrini, kama alivyofundishwa. Akamsomea jamaa mmoja wa boda, Kayole. Jamaa alikuwa ameshalipa, simu ikajifunga, akapiga kwa simu ya kuazima. Akaelekezwa njia ileile. Akalipa tena. Simu ikabaki imefungwa. Mtu wa boda anayepata wateja kwa simu, na simu imekuwa tofali mfukoni.

Nilipomwandikia meneja kwa upole, alinijibu: haraka haraka haina baraka. Nilitamani kumjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Sikumjibu. Nilikuwa nahitaji ayaidhinishe, nilipwe.

Huo ndio ugonjwa ninaousema. Aliye na kitufe hapati hasara makala yakichelewa. Wanaopata hasara ni mwandishi, mhudumu na mteja, na hao watatu hawana kitufe.

Najua mtanijibu nini. "Wewe ni mwandishi, lazima uchukie mapitio." Tena mtaongeza kwamba niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo sipendi kusahihishwa. Niliacha kwa sababu ya karo, ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba nilikuwa na alama za masomo mawili ambazo hazikuonekana kwenye mfumo kwa mihula miwili. Mitihani niliifanya. Mhadhiri alisema amesahihisha. Idara ilisema haijaidhinisha. Kila mlango ulinielekeza kwa mlango mwingine. Waliosoma vyuo vyetu wanajua alama zilizopotea ni nini, sihitaji kueleza. Kwa hivyo ndiyo, foleni isiyo na mwenyewe naitambua hata gizani.

Lakini sisemi mapitio yafutwe. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwanahabari wa Marekani, aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, na ulikaa pale kama miezi minne. Desemba mwaka huo Wikipedia ikazuia watu wasiojisajili kuanzisha kurasa mpya kwa Kiingereza. Sawa kabisa. Jicho la pili lina kazi yake. Mimi mwenyewe mhariri mzuri ameniokoa mara nyingi.

Ila angalia walichofunga na walichoacha wazi. Walifunga kuanzisha ukurasa mpya. Kurekebisha kosa kwenye ukurasa uliopo kulibaki kazi ya dakika moja, isipokuwa kwa kurasa chache zenye ulinzi maalum. Walielewa kwamba jambo jipya na jambo la kurekebisha si mzigo mmoja. Kampuni niliyoiandikia iliviweka vyote foleni moja: makala mapya kuhusu rangi za simu, na marekebisho ya maelekezo yanayopoteza pesa za watu.

Tena kabla ya Wikipedia kulikuwa na Nupedia. Jimmy Wales na Larry Sanger waliianzisha Machi 2000. Ilikuwa kamusi elezo ya bure mtandaoni, iliyotaka wasomi, ikiwezekana wenye shahada ya uzamivu, na kila makala yapite hatua saba za idhini. Hatua saba! Mwaka wa kwanza ilitoa makala 21. Januari 2001 wakafungua Wikipedia kando, ati iwe tu shamba la kuoteshea miche ya Nupedia. Ndani ya mwezi mmoja ilikuwa na makala kama 200. Nupedia ilizimwa 2003. Haikufa kwa kukosa watu wenye akili. Waliokuwa nazo walichoka kungoja.

Na idhini haileti hekima kwa sababu tu inaitwa idhini. Mwaka 2018 mtu alipeleka rasimu kuhusu mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland, kwa wapitiaji wa Wikipedia ya Kiingereza. Ikakataliwa: vyanzo havionyeshi kwamba mtu huyu ana umaarufu wa kutosha. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia, mwanamke wa tatu tu katika historia ya tuzo hiyo. Ukurasa wake ukapatikana siku hiyohiyo. Mpitiaji alifuata kanuni, na vyanzo kweli vilikuwa haba. Lakini kanuni ilipima karatasi, na yule mwanamke alikuwepo muda wote, akifanya fizikia.

Msiniambie pia kwamba ni mashine inayotaka hivyo. ServiceNow, mfumo mmojawapo unaotumiwa sana na makampuni makubwa, unakuja na njia zote mbili tayari: kuchapisha papo hapo, na kuchapisha kwa idhini. Binadamu ndiye anayechagua. Na kuna mbinu nzima ya kazi hii, KCS, ambayo Consortium for Service Innovation ya Marekani ilianza kuijenga 1992. Humo anayeyatumia makala ndiye anayeyapitia. Akikuta kosa na ana ruhusa, analirekebisha palepale. Kama hana ruhusa, anaweka alama ili mwingine ajue. Maana yake yule dada wa zamu ya usiku asingehitaji karatasi ya manjano. Mwandiko wake ungekuwa ndani ya mfumo usiku uleule.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na hayahitaji bajeti.

Marekebisho ya kosa yawe na njia fupi kuliko makala mapya. Kama kosa linagusa pesa au afya ya mtu, makala mabaya yashushwe kwanza, mabishano baadaye.

Wanaoidhinisha wawe angalau wawili, na mmoja awe mtu anayepokea simu. Meneja akienda likizo, kitufe kibaki ofisini.

Anayerudisha makala aandike jina lake na sababu. Kama sababu ni "mteja wetu mpendwa", abadilishe mwenyewe, ana vidole.

Muda uwekwe, na ujulikane. Siku tatu zikipita bila jibu, foleni imlilie mkubwa wake, si mwandishi.

Na mwandishi alipwe kwa kuandika. Kuchapisha si kazi yake, hana kitufe.

Makala yangu yalichapishwa siku ya ishirini na tatu, na nililipwa mwisho wa mwezi uliofuata. "Mteja wetu mpendwa" yumo mara sita. Yule wa boda sijui kama aliwahi kurudishiwa pesa zake. Nilimuuliza dada wa zamu ya usiku. Alisema ombi la kurudisha pesa limetumwa, linangoja kuidhinishwa.