Mpanda Baiskeli wa Milimani Naye Apewe Njia

Safari ya baiskeli iitwayo Tour d'Afrique, iliyoanza mwaka 2003, hutoka Cairo hadi Cape Town, mwendo wa kilomita zipatazo 12,000, na Mbeya ni miongoni mwa miji iliyopata kuwapokea wasafiri wake. Aendaye Malawi kutoka Uyole hupanda mpaka Isongole, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka Tukuyu hadi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambalo uso wake hauzidi mita 500.

Wageni hao hushangiliwa, nasi tunaungana na wanaowashangilia, kwani kuvuka milima kwa nguvu za miguu si jambo dogo. Lakini tunauliza: je, mwananchi aipandaye milima hiyo hiyo kila siku, nani humshangilia?

Yuko mkulima wa viazi, yuko mchuuzi wa ndizi, yuko muuza mkaa. Nyuma yake hakuna gari la msaada wala fundi. Ana gunia kwenye keria, na breki ambazo hulazimika kuzisaidia kwa kuburuta kandambili chini. Apandapo husukuma, ateremkapo humwomba Mungu. Honi ya lori ikilia, pa kukimbilia ni mtaroni.

Kule Iringa, katika mlima Kitonga, hali ni ya kutisha zaidi. Upande mmja ni jabali, upande wa pili ni korongo, na katikati hupita malori mazito yatokayo bandarini kwenda Zambia na Kongo. Barabara hii kuu, iliyokamilishwa kwa lami miaka ya mwanzo ya 1970, imelifaa taifa na jirani zake. Hata hivyo, mwenye baiskeli hakutengewa nafasi yake.

Kwa hiyo tunawahimiza wahusika wayatazame upya mambo haya. Pale barabara inapopanuliwa, kama ilivyopangwa kati ya Uyole na Ifisi, kilomita 29 za njia nne, njia ya baiskeli isiwe kitu cha kwanza kupunguzwa fedha zinapopungua. Na kwenye miteremko, ukingo wa lami uongezwe upana, japo wa hatua mbili.

Nao wapanda baiskeli wana wajibu wao. Kudandia lori ili kuvutwa mlimani ni kujitafutia mauti. Kutembea usiku bila taa ni kumtwika dereva lawama isiyo yake.

Barabara hugharimiwa na umma wote, wenye magari na wasio nayo. Mkulima alipaye kodi anunuapo sukari na mafuta ya taa amechangia lami hiyo. Haifai afe pembeni mwake kwa kukosa hatua mbili za kupitia.